Kitabu kitakachomalizwa: mwongozo wa kununua riwaya ukiwa Tanga

Ukiingia duka la vitabu Tanga mjini, rafu za mbele ni za vitabu vya kiada, madaftari na mikebe ya hesabu. Riwaya zipo, ila mara nyingi ziko rafu ya chini kabisa, zimechanganywa na miongozo ya mitihani, na swali la kwanza la muuzaji ni "Kidato cha ngapi?" Mwambie si cha shule, unataka cha kusoma tu. Ataduwaa kidogo, kisha atainama kukutafutia.

Mpangilio wa hapa chini una kigezo kimoja: kitabu kina nafasi gani ya kufikishwa ukurasa wa mwisho na mtu ambaye hakulazimishwa? Hatukuangalia sifa za mwandishi wala unene wa kitabu. Ndiyo sababu Shaaban Robert, mwana wa nyumbani aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, hakukaa juu katika orodha ya watu wazima. Watu wa Tanga watuwie radhi, sababu tutaieleza.

Kwa watu wazima

Cha kwanza ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi (Mkuki na Nyota, 1999). Ni Zanzibar ya wakati wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee Raza angali mdogo, anaikimbia ndoa na kuangukia katika mapenzi na Denge, kijana aliyesoma Urusi ambaye makachero hawamwachi apumue. Kitabu ni kinene, lakini kinakwenda mbio, kwa sababu kila sura inamwacha mtu mlangoni anasubiri kukamatwa au kufumaniwa. Kiswahili chake ni cha mwambao, kwa hiyo msomaji wa Chumbageni au Pangani hatahitaji kamusi. Tatizo lake moja ni kwamba kilisomeshwa sana sekondari, na wapo waliokikariri "dhamira na wahusika" hadi kikawachosha. Mtu wa namna hiyo mpe cha pili. Na aliyeiona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 asidhani amekisoma. Mengi yamebaki kwenye karatasi.

Cha pili ni Siku Njema cha Ken Walibora (1996), na hapa tunakiri upendeleo. Mwandishi ni Mkenya, lakini msimulizi wake, Kongowea Mswahili, anakulia hapa hapa Tanga kwa mama mwimbaji, kisha anaondoka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kina mikasa mingi kupita kiasi, kweli, na baadhi ya sadfa zake zinataka msomaji mwenye imani. Lakini watu wanakimaliza. Kijana wa miaka 14 na kuendelea naye anakiweza, kwa hiyo kitabu kimoja kinazunguka nyumba nzima. Kwa kuwa kilichapwa Kenya, mara nyingine ni rahisi kumwagiza mtu anayepita mpaka wa Horohoro kutoka Mombasa kuliko kukisubiri dukani.

Cha tatu ni hadithi za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Kuna maiti, kuna kiko, na kuna mpelelezi anayefikiri taratibu wakati wengine wote wanapayuka. Anayeanza aanze na hicho, kisha Kisima cha Giningi (1968). Hivi vinapatikana zaidi kwenye mtumba, kwa hiyo ukikiona usiseme utarudi kesho. Vitabu vizuri navyo ni waja leo waondoka leo. Msomaji anayetaka bastola na ndege badala ya kiko, mtafutie Kufa na Kupona cha Elvis Musiba (1974), ambamo jasusi Willy Gamba hana muda wa kufikiri taratibu.

Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi (1971) ni cha nne. Ni kifupi na kikali, na kuna wakati kilizuiwa shuleni. Baba mkali kule Ukerewe anamlinda bintiye kwa fimbo, na binti anapofika mahali pasipo na fimbo hajui kujilinda. Mnunulie mzazi. Mtoto wa darasa la sita asinunuliwe, hata kama jalada linaonekana la shule.

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah (Mkuki na Nyota, 2022), inafuata. Yusuf anawekwa rehani na wazazi wake kwa tajiri wa misafara. Inakwenda polepole, ni ya msomaji aliyekwisha kuzoea.

Sasa Shaaban Robert. Kosa linalorudiwa ni kumnunulia mtu Kusadikika (1951) kama kitabu cha kuanzia kwa sababu ni chembamba. Ni kweli ni chembamba, lakini ni kizito. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa hila za waziri Majivuno, na sehemu kubwa ya kitabu ni hotuba za mahakamani zenye sentensi ndefu na maneno ambayo hata bibi wa Ngamiani atayafikiria kwanza. Anayekipenda anakipenda maisha yake yote. Asiyekuwa tayari anakiacha kwenye habari za mjumbe wa pili kati ya wale ambao Karama anawasimulia mahakamani. Mwanzishie mlango mwingine: Wasifu wa Siti Binti Saad (1958), maisha ya mwimbaji wa taarabu aliyetoka Fumba. Mtu anayejua taarabu anaingia moja kwa moja. Kusadikika kifuate, pamoja na Kamusi ya Kiswahili Sanifu pembeni.

Kwa vijana na watoto

Hapa Shaaban Robert anarudi juu. Adili na Nduguze (1952) ni namba moja kwa miaka 11 hadi 14, na siri yake iko mwanzoni: mtu mwema, liwali anayesifiwa na wote, kila usiku anawachapa mijeledi nyani wawili, huku mwenyewe akiona uchungu. Mtoto akishasikia hayo atataka kujua kwa nini, na jibu linachukua kitabu kizima. Lugha bado ni ya zamani, kwa hiyo mtu mzima asome kurasa kumi za kwanza kwa sauti, kisha akiache mezani aondoke.

Namba mbili ni Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, safari ya kuizunguka Tanzania kwa ungo. Kinafaa hata mtoto asiyependa kusoma lakini anapenda ramani. Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo (2002) ni cha tatu. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada, mama anauza chakula, baba analewa. Kinasomeka haraka, lakini kina majonzi. Usimpe mtoto aliyefiwa karibuni bila kukipitia wewe kwanza. Kwa miaka 13 na zaidi, ukibahatika, chukua Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967.

Kabla ya kulipa, msomeshe mtoto ukurasa mmoja wa katikati kwa sauti, palepale kaunta. Akikwama kwenye maneno zaidi ya matano, kitabu hicho ni cha mwakani. Asipokwama hata neno moja na akaendelea na ukurasa wa pili bila kuambiwa, toa pesa.

Kukikagua kitabu mkononi

Hasara kubwa kuliko zote ni kununua kitabu kingine ukidhani ndicho. Miongozo ya kujibia mitihani huandika jina la riwaya kwa herufi kubwa jaladani, na neno "uchambuzi" au "mwongozo" kwa herufi ndogo pembeni. Fungua ukurasa wa kwanza wa maandishi. Ukikuta "fani na maudhui", hiyo si riwaya.

Baada ya hapo tazama kama ni kivuli. Kitabu kilichotolewa fotokopi kina herufi za kijivu zilizovimba, mistari iliyolala upande, na utepe mweusi kwenye mkunjo wa ndani pale mashine iliposhindwa kubana mgongo wa kitabu halisi. Picha ya jalada imefifia kama iliyofuliwa. Linganisha pia nambari ya ISBN, yaani nambari ya utambulisho wa kitabu, nyuma ya jalada na ile iliyo ukurasa wa haki miliki. Vingi vya Tanzania huwa na 9976 au 9987, vingi vya Kenya 9966. Kwenye nambari ndefu hizo hutanguliwa na 978. Nambari mbili zikipingana, au nyuma hakuna kitu na ukurasa wa haki miliki umeruka, kirudishe. Kivuli hakina bei ya haki, na mwandishi hapati hata senti.

Hatua inayofuata ni namba za kurasa. Zipitishe zote kwa kidole gumba, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa kuwa kurasa 16 au 32, na mafungu hayo ndiyo yanayounganishwa. Kosa likitokea kiwandani, fungu zima hurukwa au hujirudia. Ndiyo maana mtu hugundua akiwa kitandani kwamba ukurasa wa 64 unafuatwa na wa 81, na duka limefungwa.

Kisha fungua katikati, bonyeza taratibu, sikiliza. Mgongo wa gundi kavu hulia kama kijiti, na kitabu hicho kitaanza kutoa karatasi kabla hujafika nusu. Kilichoshonwa kwa uzi huonyesha nyuzi kwenye mkunjo. Kikiwepo cha namna hiyo, ongeza pesa kidogo ukichukue. Vitabu vyembamba vya watoto hubanwa kwa pini. Hewa ya bahari hapa haina huruma na pini: hupata kutu, huacha alama ya kahawia kwenye karatasi, kisha karatasi ya katikati hutoka nzima. Pini ikishakuwa na kutu dukani, nyumbani haitapona. Tafuta nakala nyingine.

Vya mtumba vinuse. Harufu ya vumbi si neno. Harufu ya uvundo, pamoja na madoa ya kijivu ukingoni, ni ukungu, nao huhamia kwenye vitabu vingine. Mitobo midogo inayopenya kurasa kadhaa kwa mstari ni ya wadudu. Kikung'ute juu ya karatasi nyeupe, na unga mpya ukidondoka bado wamo ndani. Kuhusu bei, nakala nzima ya mtumba isizidi nusu ya bei ya kipya, na isiyo na jalada robo. Maandishi ya penseli yasikupandishe wala kukushusha.

Ukiagiza Dar es Salaam

Mwombe muuzaji picha tatu kabla ya kutuma pesa: jalada la mbele, la nyuma, na ukurasa wa haki miliki. Mwulize ni chapa ya mwaka gani, maana vitabu vya zamani vimechapwa upya, na vingine vina herufi ndogo mno kwa mtu mwenye miwani. Kikija kwa basi, mwambie akifunge kwenye nailoni mbili na kuandika simu yako juu, kwa sababu ndani ya buti kitasafiri jirani na dumu la mafuta au ndoo isiyojulikana ina nini. Kifungue palepale stendi ya Kange unapokipokea, pitisha namba za kurasa, ndipo umwage shukrani.

Kama hujui msomaji wako anapenda nini, usianze na duka. Nenda Maktaba ya Mkoa, azime viwili vya aina tofauti, na uone kipi kinarudi kimechoka kona.

Masika yakiingia, Machi hadi Mei, usiegemeze vitabu kwenye ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Kilicholowa kisimamishe kivulini huku kurasa zimefunuliwa kama pepeo. Juani jalada hupinda na gundi hukatika.