Uzoefu wangu wa kusoma shahada ya uzamili kupitia Moodle

Shahada yangu ya uzamili nimeisoma karibu yote mtandaoni, kupitia Moodle, ule mfumo huria wa kufundishia mtandaoni ulioanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na toleo lake la kwanza kutoka mwaka 2002. Mfumo wenyewe naupa alama za juu. Programu yake ya simu inakuwezesha kupakua masomo ukiwa na mtandao, halafu unayasoma baadaye hata bando likiwa limekata. Kwa anayesoma huku anafanya kazi, huo ni msaada mkubwa mno.

Lakini kilichonifanya nipende kozi au niikwepe ni mhadhiri. Muhula mmoja nilikuwa na kozi mbili ndani ya mfumo huohuo. Ya kwanza ilikuwa ghala la slaidi. Maswali yetu kwenye jukwaa la majadiliano yalikaa bila majibu mpaka tukahamia WhatsApp, na vipindi vya mubashara vilikuwa "Mnanisikia?" kisha kimya, kamera zote zimezimwa.

Ya pili ilikuwa takwimu, somo nililoliogopa miaka yote. Kila wiki tulipewa jaribio fupi lisilohesabiwa kwenye matokeo. Ukikosea, hapohapo yanatokea maelezo aliyoyaandika mhadhiri mwenyewe: "Umegawanya kabla ya kujumlisha, rudi kwenye mfano wa tatu." Ukijaribu tena unakuta namba zimebadilishwa, kwa hiyo kukariri jibu hakusaidii, lazima uelewe. Nilikuwa nayarudia majaribio yale usiku bila kusukumwa na mtu.

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia akiona ina manufaa na ni rahisi kuitumia. Ni kweli, ila manufaa niliyoyaona mimi yaliletwa na mtu aliyekuwa upande wa pili. Na wahadhiri nao tusiwaonee. Kutunga maswali ya namna ile, kila kosa na maelezo yake, kunakula muda mwingi. Chuo kisipouhesabu muda huo kuwa ni saa za kufundisha, sioni kwa nini waupokee mfumo kwa moyo mmoja.

Anayetaka kujiunga na kozi ya mtandaoni, kabla ya kulipa ada aombe kuonyeshwa wiki moja tu ya somo lolote ilivyopangwa. Aangalie kama maswali ya wanafunzi yamejibiwa, na yalijibiwa baada ya muda gani.