Makoti na majaketi ya baridi Arusha na Moshi: lipi la kwanza, lipi lisubiri

Ikifika Juni, Arusha inabadilika sura. Mlima Meru unaweza kujifunika wiki nzima usiuone, manyunyu yanashuka alfajiri, na kila anayesubiri daladala kajikunja mikono kwapani. Hapo ndipo watu wanakimbilia masoko ya Kilombero na Samunge kutafuta koti, na hapo ndipo wengi wanarudi nyumbani na lisilowafaa: zito, la bei, halafu saa saba mchana jua likichomoza linageuka mzigo wa kubeba mkononi.

Kinachotuponza ni kuchagua kwa uzito. Mtu analinyanyua koti, analisikia zito, anasema hili ndilo la baridi. Lakini baridi yetu ni ya namna gani hasa? Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba, alfajiri joto hushuka mpaka nyuzi 12 au 13 hivi, mchana linarudi 20 na kitu. London mwezi wa kumi mchana ni nyuzi 15 hivi, usiku 9 au 10. Kwa hiyo baridi yetu kali inakaribiana na ya Ulaya wakati wa mapukutiko, Septemba mpaka Novemba, kabla theluji haijaanza. Belo la mitumba linakuja na vyote viwili vimechanganyika, makoti ya mapukutiko na ya theluji. Ya kwanza ndiyo yetu. Ya pili yalishonwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwenye nyuzi sifuri.

Moshi mjini ni chini zaidi, mita 800 hadi 900 hivi, na kwa kweli mtu wa mjini pale anaweza kuumaliza mwaka mzima na jaketi moja jepesi. Ila anayelala Marangu, Kibosho au Machame juu huko, hiyo ni habari nyingine, na nitaifikia.

La kwanza: trenchi

Najua wengi wangetaja ngozi. Mimi naweka trenchi juu, lile koti refu la rangi ya kaki lenye mkanda kiunoni na vifungo safu mbili. Lina mambo matatu ambayo mengine hayana kwa pamoja: linazuia upepo, linahimili manyunyu, na halina uzito.

Siri yake ni kitambaa. Mwingereza Thomas Burberry alibuni gabadini mwaka 1879, kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana mpaka tone la maji linateleza juu badala ya kupenya, huku mwili ukiendelea kupumua. Ndiyo maana maofisa wa jeshi la Uingereza walilivaa kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, na jina la koti limetoka kwenye mahandaki hayo. Vile vipande vya kitambaa mabegani, ile pete ya chuma yenye umbo la herufi D kwenye mkanda, vyote ni masalia ya jeshini.

Huhitaji jina kubwa kwenye lebo. Unachohitaji ni kupima. Shika kitambaa kwa vidole viwili, kiinue kuelekea kwenye mwanga: ukiona vitobo vya mwanga vimetapakaa, kimefumwa kwa kulegea, rudisha. Kisha lowesha kidole na udondoshe tone moja kwenye mkono wa koti. Likisimama na kuviringika, safi. Likinywewa papo hapo, basi hilo ni koti la kiangazi, hata kama limeshonwa kwa mtindo wa trenchi. Muuzaji mzoefu haoni ajabu ukifanya hivyo, atakwambia tu, "Pima dada, mali inajieleza."

Halafu fungua ndani. Trenchi nzuri za zamani zina bitana ya pili ya sufu inayovuliwa kwa zipu au vifungo. Ukiikuta bado ipo umeokota dodo: alfajiri unaivaa, mchana unaivua unaiweka kwenye begi. Mara nyingi imeshapotea njiani, imebaki safu ya vifungo tupu upande wa ndani. Hilo lisikukatishe tamaa, maana sweta linafanya kazi ileile, ila tumia ule upungufu kushusha bei. Angalia pia mshono wa bega. Ukianzia shingoni ukateremka mpaka kwapani kwa mshazari, sweta nene litaingia bila kukubana.

Mtu wa ofisini analivaa juu ya suti, mwalimu analivaa darasani, na Jumapili linakwenda kanisani. Kasoro yake ni moja tu, kwenye pikipiki mikia yake inapepea na inaweza kukamatwa na gurudumu.

La pili: bomba

Hili ni la vijana lakini halina umri. Jaketi fupi la nailoni, zipu mbele, na ile ribu ya kufuma kwenye kola, mikononi na kiunoni. Lilitengenezwa kwa marubani wa jeshi la anga la Marekani miaka ya 1950, likiitwa MA-1. Ukikuta lenye bitana ya rangi ya machungwa, hiyo si mbwembwe: rubani akianguka aligeuza jaketi nje ndani ili waokoaji wamwone.

Ribu ndiyo roho ya jaketi hili. Upepo huingilia mikononi na kiunoni, na ribu ndiyo inayoufungia nje. Ivute kisha iachie. Ikirudi, nunua. Ikibaki imelegea kama soksi kuukuu, fundi anaweza kuibadilisha, ila ingiza gharama hiyo kwenye hesabu kabla hujakubaliana bei.

Mvua ya kweli hulipenya. Manyunyu ya asubuhi hayalitoi jasho. Mchana unalikunja linaingia kwenye mkoba wa kawaida.

La tatu: ngozi, ila kwa bodaboda ndilo la kwanza

Kama unaendesha bodaboda kutoka Usa River kuingia mjini saa kumi na mbili asubuhi, soma sehemu hii tu, hizo nyingine acha. Upepo wa barabarani hakuna kitambaa cha kawaida kinachoumudu, ngozi inaumudu. Na ukianguka, ngozi inakwaruzika kabla ya ngozi yako. Jaketi la pikipiki lenye zipu ya mshazari kifuani, ambalo dunia nzima inaliiga mpaka leo, lilibuniwa na Irving Schott wa New York mwaka 1928. Mshazari ule una maana yake: upande mmoja unalala juu ya mwingine, upepo haupati mlango katikati.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya yanayoitwa ngozi sokoni ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Kwa mbali huwezi kutofautisha, na likiwa jipya linang'aa kuliko ngozi yenyewe. Baada ya msimu mmoja au miwili linaanza kubanduka magamba kwenye kola na viwiko, na likishaanza hakuna dawa.

Njia ya uhakika ni kutafuta ukingo ambao haukukunjwa. Ingiza mkono mfukoni, geuza mfuko, au tazama ndani ya zipu pale ngozi ilipokatwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi za kufumka kama suede upande wa chini. Ya bandia ina kitambaa cha kufuma mgongoni, unakiona kabisa. Kisha kunja kipande kidogo kwa nguvu na uachie: ngozi hufanya mikunjo midogo midogo isiyolingana, plastiki hufanya mkunjo mmoja ulionyooka. Harufu usiitegemee sana, kuna wanaojua kuipulizia.

Na bei yenyewe inasema. Jaketi la ngozi likitajwa kwa bei ya jinzi, ama si ngozi, ama kwapani limepasuka. Tazama kwapani. Jasho huikausha ngozi pale kwanza, ikawa ngumu, ikachanika, na fundi wa nguo hana la kufanya. Itabidi uende kwa fundi viatu akuwekee kiraka.

Ukishalinunua, usiloweke kwenye sabuni ya unga. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu, lianike kivulini, lipake mafuta ya ngozi au kiwi isiyo na rangi. Mafuta ya kupikia yanachacha, na koti litanuka mpaka ulichukie.

La nne: jinzi

Jaketi la jinzi linapatikana kila kona, linadumu, na fundi yeyote anaweza kulishughulikia. Ila kwa baridi ya Julai nalipa nafasi ya nne bila huruma. Pamba ikilowa hukaa na maji, na jinzi iliyolowa na manyunyu saa moja asubuhi bado ni mbichi saa nne. Lenye manyoya ndani ni bora zaidi, mradi manyoya yafike mpaka mikononi. Mengi yana manyoya kifuani na kwenye kola tu, mikono mitupu.

Kwa Moshi mjini nalipandisha mpaka nafasi ya pili. Pale ndipo penyewe.

La tano: jaketi la mlima

Lile lililojaa, lenye mistari ya kushonwa kwa kukatiza. Wapagazi na waongoza watalii wanalijua vizuri, maana kileleni Kilimanjaro usiku ni chini ya nyuzi sifuri na bila hilo hupandi. Mjini Arusha ukilivaa utaliona lina raha kwa nusu saa, halafu daladala ikijaa unaanza kutoka jasho.

Lina kazi yake hata hivyo. Kama kazi yako inakupeleka kingo za Ngorongoro, mita 2,300 hivi, au unalala misibani huko juu Machame kwenye turubai mpaka asubuhi, linunue. Jambo la kujua ni kilichojazwa ndani. Likiwa la manyoya ya bata au bata bukini, utasikia vijiti vidogo ukilibonyeza, na ukiachia linainuka tena taratibu. Hilo ni jepesi na lina joto kuliko yote, lakini likilowa linasinyaa na kupoteza joto lote. La pamba ya polista ni zito kidogo ila likilowa bado linasaidia, na linakauka upesi. Kwa ukungu na manyunyu ya kwetu, mimi ningechukua la polista.

Lipige mwanga. Ukiona sehemu zilizo tupu na nyingine zimebeba donge, lilishafuliwa vibaya huko lilikotoka.

La mwisho: kabuti la sufu

Linapendeza kuliko yote, nakubali. Kabuti refu jeusi la sufu, mabega yamenyooka, likitundikwa dirishani watu wanasimama. Lakini ni koti la Januari ya Ulaya. Linalemea, likilowa linakuwa zito maradufu, na ukilifua kwa maji ya moto linarudi saizi ya mtoto. Namwekea mzee anayekaa Marangu na mlinzi wa usiku anayekaa getini mpaka kunakucha. Hao wawili walinunue bila kufikiri mara mbili.

Kama ni lazima, hakikisha ni sufu kweli. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha jivu linalosagika kwa vidole. Polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa heshima, muombe mwenye mali ruhusa kabla ya kuwasha.

Wakati na vipimo

Nenda Januari au Februari, jua likiwa kali na hakuna anayewaza koti. Ukisubiri Juni unanunua pamoja na mji mzima. Kwa Moshi, Memorial na Kiboriloni ndiko mitumba ilikojaa, na asubuhi belo linapofunguliwa ndipo pa kuwahi, ingawa jioni muuzaji anayefunga huwa mwepesi zaidi wa kushuka bei.

Lebo zisikuchanganye: koti la kiume lililoandikwa 50 kwa vipimo vya Ulaya ni sawa na 40 ya Uingereza. Nenda umevaa sweta utakalolivalia, vaa koti juu yake, nyoosha mikono mbele kama unashika usukani wa pikipiki. Likivuta mgongoni, ni dogo.

Zipu ifungue na kuifunga mpaka mwisho, usiishie katikati. Vifungo vinanunulika, bitana inashoneka upya, mikono inafupishwa, hata zipu nzima inabadilishwa. Mabega hapana. Fundi akikuambia atapunguza mabega ya koti lenye bitana, muulize kwanza atakutoza kiasi gani, na mara nyingi utakuta kwa hela hiyo ungepata koti jingine linalokukaa.