mdadm pale RAID inapogoma kuunganika: inasoma vizuri, inalinda vibaya

Mashine imewaka, lakini /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), inaonyesha "md0 : inactive" na kila diski ina alama ya (S), yaani ya akiba. Mara nyingi data bado ipo; diski ndizo zisizokubaliana. Hapo mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, ndipo inapopimika. Kwa kusoma hali ya diski, hatujaona chombo kinachoizidi. Kwa kumzuia mtu mwenye haraka asijiangamize, ni dhaifu mno.

Amri yake bora ni mdadm --examine /dev/sd[bcde]1. Haiandiki chochote. Inasoma superbloku, rekodi ya RAID iliyo kwenye kila diski (ile ya toleo 1.2 hukaa KB 4 kutoka mwanzo wa partisheni), na kutoa Device Role (nafasi ya diski), Data Offset (data inapoanzia), Chunk Size (ukubwa wa kila kipande), Events na Array State. Hifadhi majibu hayo kwenye faili nje ya diski hizo kabla ya kugusa kitu.

Kaza macho kwenye Events, hesabu ya mabadiliko ya RAID inayowekwa kwenye kila diski. Chukua RAID 5 ya diski nne: sdb1 na sdc1 zina 48213, sdd1 ina 48209, sde1 ina 31077. Kwenye Array State (A ni diski iliyopo, nukta ni iliyokosekana), sde1 bado inasema AAAA, kwa kuwa ilitoka mapema na haikupata habari ya kutoka kwake. Sdd1 inasema AAA., na mbili zilizobaki AA.. tu. Mpangilio wa kuanguka umeandikwa hapo wazi. sde1 imepitwa na wakati, sdd1 iko nyuma hatua nne tu, pengine waya wa SATA umelegea. RAID 5 huvumilia kukosa diski moja, basi tatu zinatosha:

mdadm --stop /dev/md0
mdadm --assemble --force --run /dev/md0 /dev/sdb1 /dev/sdc1 /dev/sdd1

Ukiruka --stop utaambiwa diski zinatumika. --force huilazimisha sdd1 ikubalike licha ya pengo lake, kwa hiyo yaliyoandikwa ndani ya pengo hilo yanaweza kuwa yameharibika. Kama mfumo wa faili ni ext4, fungua kwa mount -o ro,noload (kusoma tu, bila kugusa jarida lake), nakili data kwanza, halafu ndipo urudishe diski ya nne kwa --add.

Jambo moja --force hailitibu: sekta mbovu. Diski yenye hitilafu za kusoma ihamishiwe kwenye diski nyingine isiyo mbovu kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kabla ya jaribio lolote. Kuna pia diski zisizo mbovu zinazotupwa nje kwa sababu zinahangaika na sekta moja kupita sekunde 30 ambazo kerneli husubiri. smartctl -l scterc,70,70 huzibana kwenye sekunde 7; isiyokubali, ongeza muda wa kerneli hadi 180 kwenye /sys/block/sdX/device/timeout.

Sasa lawama, na hii ni nzito. mdadm --create juu ya diski zenye data huuliza swali moja tu, "Continue creating array?", kisha huandika superbloku mpya juu ya ile ya zamani. Bila --assume-clean (inayoiambia ichukulie diski tayari zinalingana), huanza pia kujenga upya na kufuta diski nzima moja. Hata ukiiweka, mpangilio wa diski, Chunk Size (zamani KB 64, sasa KB 512) na Data Offset lazima vilingane na vya awali, na Data Offset ya kawaida imebadilika kati ya matoleo. Ndiyo sababu ya lile faili la --examine. Amri hatari kiasi hiki ilistahili kizuizi kikubwa zaidi. Programu yenyewe pia haina hali ya majaribio. Itabidi utengeneze tabaka la muda (snapshot) kwa dmsetup juu ya kila diski, uandishi wote uishie humo.

RAID ikiamka kwa jina la md127 badala ya md0, hakuna kilichovunjika. Ongeza matokeo ya mdadm --detail --scan kwenye mdadm.conf, na kwenye Debian malizia na update-initramfs -u.