Nilimpeleka paka hapati choo, nikarudi naye hapumui vizuri

Nyota moja. Ningeweza kutoa sifuri ningetoa.

Kliniki yenyewe iko hapa Dar, sitaitaja. Nilikwenda kipindi cha mvua, paka wangu alikuwa hapati choo. Daktari hayupo, tukahudumiwa na kijana wa kaunta. Akamkaba paka ngozi ya shingo, akamwinua kichwa mpaka pua ikatazama dari, akasukuma bomba zima la mafuta ya parafini (yale meupe ya dawa, si mafuta ya taa) kwa mkupuo mmoja. Mengine yakatokea puani.

"Kaka, taratibu, atapaliwa."

"Dada, hiyo roho ya paka, haifi." Akamkonyeza mwenzake, wakacheka.

Eti hakukohoa, basi yuko salama! Kumbe hapo ndipo penye hatari: mafuta yale hayana ladha wala hayawashi koo, yanateleza hadi mapafuni paka hata hajashtuka.

Haikupita muda akagoma kula. Akawa amejikunyata, viwiko kavitanua, mbavu zinapanda na kushuka, mwisho akaanza kuhema mdomo wazi. Mbwa akihema hivyo mara nyingi ni joto tu, paka ni dharura. Paka aliyetulia huvuta pumzi mara 20 hadi 30 kwa dakika. Ikizidi 40, usisubiri kukuche. Wangu alishapita hapo.

Nikarudi palepale nikiwa nimejaa maneno. Safari hii nikamkuta daktari, mama mmoja mpole, akamwekea oksijeni kabla hajaniuliza habari ya pesa. Haki yake nimpe: nyota tano. Akanieleza kwamba antibayotiki huua bakteria, mafuta haziyagusi, na yanaweza kukaa mapafuni muda mrefu yakileta uvimbe. Akanionyesha na namna ya kunywesha: kichwa usawa, bomba lipite pembeni mwa shavu, tone kwa tone, umwache ameze.

Sasa kama mwenye kliniki anayajua yote haya, yule kijana kamwachia bomba la nini? Basi tuseme nyota mbili.

Halafu nikapewa risiti. Mstari wa kwanza: "kunywesha dawa." Wanidai na hiyo! Nikalipa oksijeni na daktari, huo mstari nikaukata kwa kalamu yao wenyewe. Paka anakula kidogo sasa, ila akilala bado nasikia kifua kinakwaruza. Kwa yule mama nitarudi. Nikimkuta kijana kaunta, nageuza bajaji.

Narudi kwenye nyota moja.