Boksi la bunduki ya kuwindia: kabla hujalipa, livute kwanza

Ukienda kununua boksi la bunduki usianze na rangi wala usidanganyike na ile sponji nzuri ya ndani. Funga klipu zote, tia kufuli kwenye matundu yake, afu shika mfuniko pale katikati, baina ya kufuli na kufuli, uvute kwa nguvu zako zote. Vidole vikipenya tu, liache hapohapo dukani. Nimeshika maboksi mengi ya plastiki nyembamba na karibu yote yanafeli hapo, kufuli ni imara, klipu zinaita vizuri, lakini plastiki yenyewe inapinda mpaka unaona kitako cha bunduki kule ndani na kufuli bado limefungwa vilevile, sasa hapo umelinda nini?

Na hili sio suala la wizi peke yake. Kwa mtu anayesafiri na bunduki kwa ndege ndo sheria yenyewe, kwa mfano TSA, wale wasimamizi wa usalama viwanja vya ndege vya Marekani, wanataka bunduki isiwe na risasi, iwe ndani ya boksi gumu lililofungwa kwa kufuli, iende na mizigo ya chini na uitangaze pale kaunta unapokabidhi mzigo, na boksi linaloweza kufunuliwa kirahisi hawalikubali hata kama lina kufuli. Ufunguo unabaki na wewe. Risasi nazo zina habari yake, kanuni za IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, zinaruhusu kilo 5 kwa abiria mmoja, zikiwa zimepakiwa vizuri, na shirika la ndege lenyewe linaweza kuwa na masharti makali zaidi, kwahiyo waulize kabla ya siku ya safari, sio asubuhi yake.

Haya, kwa safari ya ndege mimi pendekezo langu ni boksi la plastiki ngumu la Pelican 1750 na silifichi. Ndani lina urefu wa sentimita 128 hivi, upana kama 34 na kina 13, raifo nyingi za kuwindia zinalala humo na darubini yake juu bila kufunguliwa, na ukizipanga moja ikitazama huku nyingine kule zinaingia hata mbili. Lina mpira unaozunguka ukingo wote na kiwango chake ni IP67, maana yake vumbi haliingii na likizama kwenye maji ya mita 1 kwa nusu saa ndani panabaki pakavu. Kuna kivalvu kidogo kinachosawazisha hewa chenyewe, watu wanakidharau lakini boksi lisilopitisha hewa na halina valvu likitoka angani linabana kabisa, unahangaika nalo kulifungua. Kwenye matundu ya kufuli wameweka chuma cha pua ili mtu asikate plastiki tu akaachana na kufuli. Nikilivuta pale katikati halitoi nafasi ya maana, na hicho ndo kilichoniridhisha kuliko mengine yote.

Shida yake ni uzito. Boksi tupu na sponji yake ni kilo 12 na ushee, ongeza raifo moja na darubini unafika 16 au 17, ukiweka ya pili uko karibu kabisa na zile 23 ambazo mashirika mengi yanaruhusu kwa mzigo mmoja. Kwahiyo pima nyumbani. Lina magurudumu na kwenye sakafu linateleza vizuri sana, ila kwenye mchanga au njia ya mawe unalibeba tu kwa mkono na utalisikia begani. Pelican wenyewe wana mfululizo wa Air ambao ni mwepesi zaidi, angalia huo kama uzito ndo kikwazo. Plano All Weather nalo ni zuri kwa bei ya chini, lina mpira wa ukingoni na ni jepesi, kwa gari na mvua ya njiani linatosha kabisa, ila kwa wale wapakia mizigo wa ndege bado naliamini Pelican.

Sasa sponji, hapa watu wanaharibu bunduki bila kujua. Ile ya vipande vidogo vya mraba unavyong'oa kwa mkono ni rahisi kutumia ila using'oe hadi ukingoni, acha angalau safu mbili kati ya bunduki na ukuta wa boksi, ukuta mwembamba wa sponji unalegea na baada ya muda bunduki inatembeatembea humo ndani. Inayodumu ni ile ngumu ya polithini inayokatwa kwa umbo la bunduki yako, kwanza hainyonyi maji. Na jamani darubini isibebe uzito wa bunduki! Bunduki ilalie kwenye kitako na kwenye sehemu nene ya mtutu, pale ilipo darubini kata nafasi kubwa kidogo, hasa vile vifundo vya kurekebishia visiguse chochote, maana boksi likidondoka uzito wote wa bunduki unakuja kugonga hapo na shabaha inahama. Hata ukiwa na boksi bora duniani ukifika piga risasi chache kwenye shabaha kabla hujaenda kumlenga mnyama, kumjeruhi mnyama akakimbia nalo porini jeraha hilo ni jambo baya sana na linaepukika.

Nikija kwenye kuhifadhi, msimamo wangu hauyumbi, boksi la kusafiria sio mahali pa kuweka bunduki miezi na miezi. Ule mpira unaozuia maji yasiingie ndo huohuo unaozuia unyevu usitoke. Umetoka porini na umande, umefunga, umeweka chini ya kitanda, sponji laini imenyonya maji na imeukumbatia mtutu, kutu inaanza taratibu upande ule uliogusana na sponji na wewe huoni mpaka utakapolifungua. Begi la ngozi nalo ni hivyohivyo, linapendeza mno lakini dawa zinazotumika kutengenezea ngozi zinakula chuma, libebee tu, ukifika toa bunduki.

Ukitoka kwenye baridi kuingia ndani kwenye joto usikimbilie kufungua, liache boksi limefungwa masaa kadhaa lizoee joto la chumba, ukifungua haraka hewa yenye unyevu inagusa chuma baridi na bunduki yote inatoka jasho. Ikishazoea ndo unatoa, unafuta, unapitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, boksi nalo unaliacha wazi likauke. Weka na vifuko vya silika jeli, vile vinavyobadilika rangi, bluu ikiwa pinki au chungwa ikiwa kijani ujue vimeshiba maji, unavikausha kwenye oveni kwa moto mdogo unarudia kuvitumia.

Afu kuna usalama wa watoto na wa jirani pia. Boksi lina mpini na magurudumu, mwizi hana haja ya kulifungua, analikokota lote. Mahali pa bunduki nyumbani ni kabati la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi zikae kwingine na kufuli yake. Hilo siwezi kulilegeza kwa mtu yeyote.

Mabegi ya kitambaa je? Yana kazi yake. Kutoka nyumbani hadi mahali pa kuwindia kwa gari, au kutembea nayo mguu, begi ni jepesi na halipigi kelele. Angalia zipu iwe nene na izunguke mpaka chini ili ulifungue lote likauke, na upande wa mdomo wa mtutu kuwe na ngozi au raba ya ziada maana hapo ndo panatoboka kwanza. Usipange kitu chochote juu yake kwenye gari.

Mwenye shotigani ya mitutu miwili usihangaike na boksi refu kabisa, hizo zinaachana mtutu na kitako, chukua fupi la vyumba viwili, ni rahisi kubeba na kwa nje mtu hajui kama ni bunduki. Hakikisha tu kila kipande kina ukuta wake, chuma kisigonge mbao njiani. Kwa raifo ukiweza toa bolti, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, uifunge kwenye kitambaa pembeni yake, na kabla ya kufunga mfuniko fungua chemba, pale risasi inapokaa, utazame kwa macho na uingize kidole, kila mara, hata kama umeitoa kabatini dakika hiyohiyo.