Nimeona tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu na Kikuyu sijui

Kosa langu mwenyewe. Pale Kenya National Theatre, Nairobi, Mei 2022 kulikuwa na siku za Kiingereza na siku za Kikuyu, mimi kwa haraka ya tiketi zisiishe sikuangalia, nikalipa, nikavaa vizuri, nikafika mapema kabisa, ndio nasikia foleni yote inapiga stori kwa lugha siijui. Mimi mtu wa Kisauni, Mombasa, Kikuyu changu kinaishia kwa salamu.

Kando yangu akakaa shosho mmoja, yaani bibi mzee, amevaa kofia ya sufu. Nikamwambia ukweli, akacheka mpaka akanishika goti, "usijali kijana wangu, nitakuambia." Na akaniambia kweli, ananong'ona wee, lakini zilipoanza nyimbo akanisahau akawa anaimba na wao, nikabaki peke yangu na hapo ndio nikaona mbona naelewa.

Sababu hadithi yenyewe iko ukutani. Kiguunda ni kibarua, ametundika taito, ile hati ya kumiliki shamba lake, ekari moja na nusu basi, na ile karatasi ndio heshima yake yote. Sisi watu wa pwani hapo hatuhitaji mkalimani. Nyanya yangu amezikwa kwa shamba alilolima maisha yake yote na karatasi hatuna mpaka leo, so nilikuwa naikodolea macho ile taito kuliko hata waigizaji. Anakuja tajiri Kioi na Biblia yake, eti nyinyi mnaishi kwa dhambi, fungeni ndoa ya kanisani, na Kiguunda na mkewe walishaoana kimila zamani sana! Wao wanadhani anamtakia mwanawe binti yao Gathoni, wanaenda benki, shamba linawekwa rehani kwa ajili ya harusi. Nilitamani kusimama nimwambie mzee wacha. Mwigizaji Nice Githinji ndio Wangeci, mke wa Kiguunda, na vile anavyoiota hiyo harusi kwa uso tu, unacheka na huku roho inakuuma maana unajua bili inakuja.

Mapumziko nikamuuliza shosho kama ashawahi kuiona. Akasema aliiona 1977 kule Kamirithu, Limuru, akiwa msichana, wanakijiji ndio waliojenga jukwaa kwa mikono yao na ndio waliocheza. Ilianza Oktoba, Novemba 16 serikali ikapiga marufuku, mwaka haujaisha mwandishi wake Ngũgĩ wa Thiong'o akawa ndani bila kesi. Mwenzake aliyeandika naye, Ngũgĩ wa Mirii, baadaye alikimbilia Zimbabwe. 1982 polisi wakaja wakabomoa ukumbi wote. "Hata ile mbao nilikalia sijui ilichomwa wapi," akasema, akaendelea kula njugu zake.

Kasoro zipo. Gicaamba, yule mfanyakazi wa kiwanda, akianza kuhutubia hashikiki, na bila lugha hapo ndio niliangalia saa. Halafu jamaa wa mbele yangu simu yake iliita mara mbili na mara ya pili akapokea, AKAPOKEA, "niko kwa theatre, nitakupigia." Aibu nimeona mimi.

Ya Kiingereza pia nilikata, ya Jumamosi. Ukijikuta na tiketi ya Kikuyu kimakosa kama mimi usiiuze, ingia tu, angalia mashosho wamekaa wapi.