Mrija wa chupa ya soda dhidi ya kopo la risasi: chombo gani kinaficha jiokeshi vizuri?

Wadau, karibuni. Hapa mezani kuna vyombo vinne vya kufichia jiokeshi, na leo nawaambia kipi kinastahili hela yenu na kipi mkiache dukani.

Kwa aliyeingia leo, haraka haraka. Jiokeshi ni chombo kilichofichwa nje, ndani kuna kidaftari. Aliyekificha anaweka namba za GPS mtandaoni. Wewe unazifuata, unatafuta, ukikipata unaandika jina na tarehe, kisha unakirudisha pale pale. Mchezo ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Bill Clinton iliondoa hitilafu iliyokuwa ikitiwa kwa makusudi kwenye GPS za raia, na kesho yake Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo nyeusi karibu na Beavercreek, Oregon. Ndani ya ndoo hiyo kulikuwa na vitabu, manati, hadi kopo la maharage. Siku hizi chakula ni marufuku kwa sababu kinaita wanyama, na kuchimba shimo nako ni mwiko usipokuwa na idhini ya mwenye ardhi.

Sasa, swali linalonijia sana ni hili: nikitaka kificho changu kiwe kigumu kupatikana, ninunue chombo kidogo kiasi gani? Ndugu zangu, hapo ndipo watu wengi wanapotea njia, na ndiyo sababu nimeanza na hiki hapa, nano ya sumaku. Sogea karibu na kamera uone: mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ndani unaingia utepe wa karatasi uliosokotwa, na usipobeba kibano hautoki. Ukiubandika kwenye daraja la chuma, mtafutaji atapapasa kila boriti mpaka mikono iwe myeusi. Akiupata hafurahi, anashukuru tu kwamba kazi imekwisha. Na ukiutupia kwenye ua wa michongoma, hali ni mbaya zaidi: watu watavunja matawi, watakanyaga maua, na baada ya muda utaona njia mpya imechongwa hadi kwenye ua wa watu. Nano ina mahali pake, pale mjini penye chuma na pasipo nafasi. Porini siipendekezi hata kidogo.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Simu nzuri mahali pa wazi inakosea mita 5 hivi, chini ya miti mikubwa inakosea zaidi. Mduara wenye nusu kipenyo cha mita 5 una karibu mita 78 za mraba. Mtu akifika kwenye namba zako, tayari ana eneo kubwa kuliko sebule nyingi, lenye majani, mawe na mizizi. Ugumu upo tayari! Kazi yako ni kumpa kitu ambacho macho yake yatakipita, akirudi akitazama vizuri acheke mwenyewe. Kwa hiyo, tafadhali, usipindishe namba makusudi ili kuongeza ugumu. Chukua vipimo mara kadhaa, kwa nyakati tofauti, upate wastani. Kosa la 0.001 ya dakika kwenye latitudo ni mita 1.85 tu, lakini makosa yanajumlika na ya simu ya mwenzako.

Haya, kopo la risasi. La chuma, lile la kijeshi, mfuniko wake una mpira mnene na komeo linalobana kwelikweli. Maji hayaingii, panya hatafuni. Kwa msitu wa mbali, huko Marekani, ni chombo cha heshima. Kwetu nasita. Sanduku la kijeshi chini ya kichaka karibu na barabara litamtia mtu hofu, ataita polisi, na ana haki kabisa ya kuita. Ukiwa nalo, lipake rangi, libandike maandishi makubwa yanayoeleza ni nini, na mwenye eneo ajue lipo.

Cha tatu ni mkebe wa chakula wenye vishikizo vinne. Jaribio langu ni rahisi: natia tishu kavu ndani, nafunga, nauzamisha kwenye ndoo na jiwe juu yake, nauacha hadi asubuhi. Tishu ilitoka kavu. Halafu nikaweka chembe za mchanga kwenye ule mfereji wa mpira, hapa, mnaona? Chembe chache tu. Asubuhi tishu imelowa chapachapa. Na mtafutaji aliyechuchumaa kwenye vumbi atafungua kwa mikono yenye nini? Mchanga. Mkebe unafaa, ila uweke sehemu iliyoinuka, isiyo ya udongo wala mkondo wa maji ya masika.

Sasa kipenzi changu. Hii ni chupa ya soda kabla haijapulizwa. Kiwandani huanza hivi, mrija mnene wenye shingo na nyuzi za kawaida za kuzungushia kizibo, ukipashwa moto na kupulizwa ndipo unakuwa chupa. Wachezaji wa Ulaya wanauita petlingi. Plastiki yake nene, kizibo ni kile kile cha soda, na mchanga hausumbui sana kwa sababu nyuzi unazifuta kwa kidole. Kwenye ndoo ulipita bila tatizo.

Lakini uzuri wake ni huu. Chukua kipande cha tawi lililokwisha kukauka na kuanguka, usiguse mti mzima. Toboa shimo upande wa kichwa, pima mrija kwanza maana unene unatofautiana. Utumbukize: ile pete iliyo chini ya nyuzi inakaa mdomoni mwa shimo, kizibo kinabaki nje. Juu ya kizibo gundisha ganda la mti huo huo. Angalieni. Ni gogo lenye kifundo. Mtu atalikalia akipumzika, atainua mawe yote ya jirani, mpaka atakapojiuliza mbona kifundo hiki ni duara hivi. Akikizungusha, kinafunguka! Hakuvunja kitu, hakuchimbua kitu, alitazama tu.

Udhaifu upo. Plastiki ya kizibo haipendi gundi. Kwaruza kwa msasa, tumia epoksi, na bado uwe na kizibo cha akiba, maana ganda litabanduka siku moja. Usipige skrubu, utatoboa na maji yataingia. Mchwa nao watakula gogo, kwa hiyo tumia mti mgumu na upite kulikagua. Kama huwezi kurudi mahali hapo mara kwa mara, usifiche hapo.

Kwenye fomu ya mtandaoni utajaza ugumu kuanzia 1 hadi 5, kwa hatua za nusu, na ardhi, yaani ugumu wa kufika mahali penyewe, vilevile. Gogo la namna hii ningelipatia 3 kwa ugumu. Ukilipatia 1.5 ili kuwanasa watu, unawaibia muda wao, na familia yenye mtoto itaondoka na machozi. Hakikisha pia hakuna jiokeshi nyingine ndani ya mita 161. Dokezo liwe neno moja la kweli. Mimi ningeandika "zungusha".

Mrija naupa 8 kati ya 10. Mbili nimezikata kwa ajili ya gundi na kwa sababu hauna nafasi ya zawadi ndogo ndogo za kubadilishana. Kama unafichia watoto, nunua mkebe, ufunike kwa gome, na mpira wa akiba uwe nao begini.